Sadaka ya Maafa ni Amana: Namna ya Kuifikisha kwa Wenyewe

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayewajaribu waja wake kwa shari na kwa kheri ili adhihirike mwenye kusubiri na adhihirike mwenye kutoa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mama zetu, dada zetu na wagonjwa mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Ijumaa hii tunataka kueleza jambo ambalo wengi huliona jepesi, na kumbe lina mlango mpana wa thawabu na mlango mpana wa hasara. Jambo lenyewe ni sadaka itolewayo wakati wa maafa: vipi itoke mikononi mwetu, ipite kwa nani, na vipi tuhakikishe kuwa imemfikia aliyekusudiwa.

Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kuelezwa maafa ni nini. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyong'oa nanga Unguja kuja kwetu, ilizama katika bahari ya Nungwi. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Waliookoka wengine waliokolewa kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yakielea. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na waliopotea wasionekane tena walikuwa wengi zaidi ya hao. Hakuna mji katika kisiwa hiki, tangu Konde mpaka Mkoani, ambao haukusikia kilio siku ile. Watu wa Unguja walikwenda katika viwanja vya Maisara kutambua maiti wao, na huku Pemba walikaa watu barazani wakingojea habari za mtu ambaye mpaka leo hakurudi.

Katika msiba ule tuliona wema wa watu. Wako waliotoa sanda, wako waliotoa mchele, wako waliotoa fedha, na wako wasiokuwa na kitu wakatoa mikono yao kuchimba makaburi. Lakini tuliona na jambo jingine, na leo tunalisema wazi kwa sababu kosa lake lilikuwa letu.

Siku chache baada ya msiba alifika kijijini petu mtu mmoja mwenye mavazi ya heshima na maneno matamu. Mkononi alikuwa na daftari. Alisema ametumwa na kamati inayowashughulikia mayatima. Hatukumwomba barua, hatukumuuliza aliyemtuma, wala hatukumpeleka kwa Sheha. Sisi wenyewe tulisimama baada ya Sala ya Laasiri tukawahimiza watu watoe. Watu wakatoa. Bibi mmoja alifungua fundo la kanga yake akatoa fedha alizozipata kwa kuchuma karafuu, akazitoa zote. Yule mtu akaandika, akaomba dua, akaondoka. Miezi miwili baadaye tulikwenda katika shehia ya jirani, ambako aliahidi kuzifikisha fedha zile. Hapakuwa na mfiwa hata mmoja aliyemwona, wala Sheha hakuwahi kulisikia jina lake.

Tarehe 18 Julai 2012, mwezi wa Ramadhani ukiwa unakaribia, ikazama meli nyingine, MV Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Tukasimama tena msikitini kuwaita watu. Safari hii mikono haikufunguka. Mzee mmoja akatuuliza kwa adabu, "Mashekhe zetu, zile za mwanzo zilifika?" Hatukuwa na jawabu. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa mwizi wa sadaka huiba mara mbili: mara ya kwanza huiba fedha, na mara ya pili huiba imani ya watu. Fedha hurudi, lakini imani ikitoka huchukua miaka kurudi, na katika miaka hiyo mwenye kuumia ni yatima ambaye hakumdhulumu mtu.

Ndugu zetu katika imani, hebu tutazame tunavyofanya katika mali zetu wenyewe. Mtu anapochukua karafuu zake kavu kituoni kuliuzia Shirika la Biashara la Taifa, haziachi juu ya mizani akaenda zake. Husimama akatazama uzito, husikiliza hesabu, hupokea fedha na stakabadhi, ndipo akaondoka. Wala karani haoni kuwa ametukanwa kwa kutazamwa, maana ndiyo kazi ilivyo. Basi vipi mali ya dunia tuipime kwa mizani, na mali tunayoitanguliza kwa Mwenyezi Mungu tuitupe gizani? Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na sadaka ni mali.

Huenda mtu akasema, "Sadaka ni baina yangu na Mola wangu. Nikianza kuulizauliza nitakuwa nimewadhania watu vibaya." Tunasema: jawabu limo katika sura moja ya Qur'ani, nayo ni Suratul-Hujuraat. Katika Aya ya 12 tumekatazwa kudhaniana vibaya. Lakini kabla yake, katika Aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri zote mbili ni za Mola mmoja. Maana yake ni kuwa usimwite mtu mwizi kwa dhana, wala usimkabidhi amana kwa dhana. Kuuliza si kutuhumu. Kuuliza ni kuilinda amana, na kumlinda pia yule anayeibeba asije akasingiziwa.

Na katika Suratun-Nisaa, Aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Sadaka ikishakusudiwa kwa watu waliofikwa na maafa, basi inakuwa amana yao. Mwenye kuibeba hana haki nayo isipokuwa kuifikisha.

Tutazame vile vile alivyofanya Bwana Mtume (S.A.W.). Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jarir bin Abdillahi kwamba walifika Madina watu wa kabila la Mudhar, hali zao dhaifu, nguo zao zimechanika. Uso wa Mtume ukabadilika kwa huruma. Akamwamrisha Bilal aadhini, akasalisha, kisha akawahutubia watu watoe walichonacho, hata kama ni kipande cha tende. Akaja Ansari mmoja na mfuko mzito ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, na watu wakamfuatia, mpaka zikaonekana chungu mbili za vyakula na nguo. Hapo uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha.

Zingatieni mambo matatu katika kisa hiki. Wenye haja walikuwa wanajulikana na wanaonekana. Aliyeita alikuwa kiongozi wa watu, mahali pa watu. Na kilichokusanywa kilikuwa juu ya ardhi mbele ya macho ya wote. Leo wenye haja wako mbali, na chungu hatuioni kwa macho kwa kuwa imo katika hisabu za benki na za simu. Kwa hivyo yatupasa kuzitafuta sifa zile tatu kwa njia nyingine, na njia zenyewe ni hizi.

Kwanza, mjue anayekuita. Akija mtu mlangoni au msikitini, muombe barua ya taasisi iliyomtuma na kitambulisho chake, kisha mpeleke kwa Sheha na kwa kamati ya msikiti. Mkweli atafurahi, na mwongo atakumbuka kuwa ana safari. Hapa kwetu zipo taasisi zinazojulikana mahali zilipo na wanaoziongoza. Ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ipo Ofisi ya Mufti, na kipo Chama cha Msalaba Mwekundu. Mwenye shaka aulize huko kabla ya kutoa.

Pili, namba ya kutumia fedha itafute mwenyewe, usiipokee kwa yeyote aliyekuletea. Juu ya hili tunao mfano mkubwa katika nchi yetu. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ile ile ya mwezi iliyozama Spice Islander, miaka 5 baadaye, lilipiga tetemeko la ardhi Mkoani Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Watu wakachanga kutoka kila upande. Hazikupita wiki tatu, Ikulu ikatangaza kutengua uteuzi wa viongozi wawili wa huko kwa tuhuma ya kufungua hisabu nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la ile hisabu rasmi ya maafa. Sisi si mahakimu wa mtu yeyote, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lakini mafundisho yake yako wazi: jina pekee halitoshi. Majina mawili huweza kufanana kama mapacha, na fedha zikaingia nyumba nyingine. Namba ichukuliwe katika ofisi yenyewe au katika tangazo rasmi lililosomwa redioni, isomwe tarakimu kwa tarakimu, na ilinganishwe mara mbili.

Tatu, jihadharini na simu. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe maarufu unaosema ile pesa itumwe kwenye namba hii? Wenye ujumbe huo hujua kuwa katika watu elfu hakosi mmoja ambaye kweli alikuwa na pesa ya kumtumia mtu. Na siku za msiba huubadilisha, wakataja jina la meli, au la kijiji kilichofunikwa na maji. Unapotuma fedha kwa simu, kabla ya kuthibitisha, husomeka jina la mwenye kupokea. Lisome. Kama umeambiwa ni taasisi na pametokea jina la mtu usiyemjua, simama hapo hapo. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, wala usiitaje hata kama anayekuuliza amesema yeye ni mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu. Ukipata ujumbe wa ulaghai usiufute tu ukanyamaza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 kwa kupokea taarifa za utapeli, na kutoa taarifa ni kumkinga ndugu yako asiingie shimoni uliloliona wewe.

Nne, msizisadiki picha na sauti kwa kuwa zimekulizeni. Picha ya mafuriko ya nchi nyingine, ya miaka iliyopita, huletwa leo ikaitwa ya jana. Na siku hizi mitambo imefikia kuiga sauti ya mtu unayemjua, hata ya Shekhe wako, ikaomba fedha kwa ulimi wake. Ukisikia sauti yetu katika simu inakuomba mchango, usitoe. Njoo msikitini utuulize uso kwa uso, nasi hatutakasirika.

Tano, usikubali kuharakishwa. Mwongo hupenda kusema, "Sasa hivi, kabla ya magharibi." Ni kweli kuwa mwenye njaa hangojei, lakini kuuliza kwa Sheha hakuchukui zaidi ya saa moja. Na maafa hayamaliziki kwa siku moja. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang' yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vyake, wakafa watu zaidi ya 80. Siku za mwanzo watu huhitaji sanda, maji, chakula na pa kulala. Baada ya miezi, walioleta hujirudia makwao, na hapo yatima huhitaji sare ya skuli, mjane huhitaji mtaji, na mkulima huhitaji mbegu. Aliyechelewa kwa kuhakikisha hajakosa nafasi, na pengine sadaka yake ndiyo itakayofika wakati mikono ya wengine imeshasahau.

Sita, toa kinachofaa. Katika Suratul-Baqara, Aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tungepewa tungekipokea kwa kufumba macho. Nguo iliyochanika na unga ulioingia wadudu ni mzigo kwa anayepokea, na nauli ya kuvisafirisha pengine ni kubwa kuliko thamani yake. Ulizeni kwanza kinachohitajiwa.

Saba, pokea stakabadhi uiweke. Stakabadhi haipunguzi ikhlasi. Aya ya 271 ya sura hiyo hiyo imetufundisha kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri kwa mafakiri ni bora. Ukitaka siri, jina lako lisitajwe msikitini, lakini kiasi ulichotoa kiandikwe daftarini. Siri ni ya mtoaji, haiwi siri ya hisabu.

Na zaka ina hukumu zake. Mafungu yake manane yametajwa katika Suratut-Tawba, Aya ya 60, na si kila mchango wa maafa unaihisabia zaka. Mwenye kutaka kutoa zaka yake katika maafa amuulize mwanachuoni kwanza, na amwambie anayepokea kuwa hii ni zaka, isichanganywe na michango mingine.

Sasa tunawageukia nyinyi mnaokusanya, na sisi tumo miongoni mwenu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibnul-Lutbiyya. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa mali sehemu mbili, hii yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama atapelekewa zawadi. Basi mkusanyaji asijiwekee hata fundo la kanga kwa hoja kuwa amepewa yeye. Fedha zihesabiwe na watu wawili au watatu kwa pamoja, siku ile ile, mbele ya watu. Ziandikwe. Zisilale katika mfuko wa kanzu ya mtu wala katika simu yake pamoja na fedha zake. Gharama za usafiri zitajwe tangu mwanzo. Kilichochangwa kwa wafiwa kisiezeke paa la msikiti, ingawa msikiti unavuja, mpaka waliotoa waulizwe wakaridhia. Baada ya tetemeko la Kagera palikuwa na majadiliano makubwa juu ya michango: ijenge nyumba za watu au irudishe skuli na majengo ya umma. Yote mawili ni kheri, lakini kinachokata mjadala ni kumwambia mtoaji, kabla hajatoa, fedha yake itafanya kazi gani.

Na Ijumaa inayofuata, kabla ya watu kutawanyika, msomaji asimame aseme: tulikusanya kiasi hiki, tulitumia nauli kiasi hiki, tumekabidhi kiasi hiki, na hii hapa stakabadhi ya waliopokea. Maneno haya hayazidi dakika mbili, na huwafungua watu mikono kuliko hotuba ya saa nzima. Katika msikiti wetu tuliyaanza baada ya aibu ile tuliyoitaja. Mwaka wa kwanza watu walitoa kwa kusitasita. Siku zilivyokwenda, yule mzee aliyetuuliza swali alikuwa miongoni mwa watatu wanaohesabu.

Limebaki swali moja, nalo ni la yule bibi aliyefungua fundo la kanga yake. Je, sadaka yake imepotea? Tunasema: hapana, Inshaallah. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kisa cha mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia kwa mwizi, kisha ikaangukia kwa mwanamke mzinifu, kisha kwa tajiri, na watu wakalizungumza. Akajulishwa kuwa sadaka zake zimekubaliwa, na huenda mwizi akaacha wizi, na mwanamke akaacha uovu, na tajiri akazingatia naye akatoa. Mwenye kutoa kwa nia safi akalaghaiwa, malipo yake yako kwa Mola wake, na dhambi iko shingoni mwa mwizi. Lakini kisa hiki ni faraja kwa aliyedanganywa baada ya kujitahidi, wala hakimpi ruhusa mzembe. Na sisi tuliosimama kuwahimiza watu bila ya kuuliza tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na tulimwomba bibi yule radhi kabla hajafariki, naye akaturadhia.

Enyi Waislamu, msiifunge mikono kwa kumwogopa mwizi, kwani mkifanya hivyo mwizi atakuwa amewanyima mayatima kwa mikono yenu. Wala msiifungue mkiwa mmefumba macho. Fungueni mikono, na fungueni na macho. Ulizeni, andikeni, tolewani hisabu, kisha toeni kwa wingi.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama baharini, na waliofukiwa na ardhi, na waliochukuliwa na maji. Wape subira jamaa zao, na uwalee mayatima wao. Utujaalie tuwe wenye kutoa, wala usitujaalie kuwa wenye kuhini amana. Zipokee sadaka zetu, zilizofika na zilizopotea njiani, na utuepushe sisi na visiwa vyetu na kila balaa. Amin. Na sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.